Wazee Wahifadhi Maandishi Wasiyoyajua

Miongoni mwa mazoezi ya kumbukumbu ambayo mzee wa Kichina anaweza kufanya bila gharama, ninaloliamini zaidi ni kuhifadhi maandishi ya kale na kuyasoma kwa ghibu, lakini kwa sharti moja: maandishi hayo yawe mageni kwake. Anayeghani lile shairi fupi la Li Bai, mshairi wa kale wa China, kuhusu mbalamwezi, lenye herufi 20 tu za Kichina, kila moja ikiwa silabi nzima, anajiburudisha, na hakuna ubaya. Ila shairi hilo limekaa kichwani mwake tangu utotoni. Kinachodhoofika zaidi uzeeni ni uwezo wa kupokea jambo jipya na kulikumbuka linapohitajika, na huo ndio unaostahili kupewa kazi.

Yapo maandishi yanayofaa mno. Qianziwen, yaani Maandishi ya Herufi Elfu, iliyotungwa na Zhou Xingsi katika karne ya 6, ina herufi 1,000 zilizopangwa kwa vina katika mishororo 250 ya herufi nne nne. Wachina wengi waliozaliwa miaka ya 1950 hawakuifundishwa shuleni. Ujana wao uliangukia katika Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya kisiasa ya Mao Zedong ya 1966 hadi 1976, wakati mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, yaliposhutumiwa hadharani. Kwao maandishi haya ya kale ni mapya, na naona ni haki yao kuyapata hata sasa.

Zamani mwanafunzi alimpa mwalimu mgongo, kisha akasoma bila kuona kitabu. Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu kinachoimarisha kumbukumbu ni ile juhudi ya kulitafuta neno akilini. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Mishororo minne kwa siku, ikirudiwa kesho yake na tena baada ya wiki, inatosha.

Sisemi kwamba zoezi hili huzuia maradhi ya usahaulifu, na asiwepo wa kuwaahidi wazee hivyo. Ninachokipinga ni madarasa ambamo wote husoma kwa pamoja huku maandishi yako mbele yao, kwani aliyesahau hubebwa na sauti za wenzake. Mwalimu wa wazee afunge kitabu, ampe kila mmoja zamu yake, amwache atafute mshororo uliompotea bila kumkatiza, kisha amwombe aeleze maana yake kwa maneno yake mwenyewe.