Kimetoka Wapi?

Mke wangu alinipa siku saba. Si za kuhama nyumba, bali za kumrudishia kisu chake cha jikoni. Nina kiduka cha madaftari na kalamu, na mzigo ukifika maboksi hayajifungui yenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natoka na kisu chake nimekiviringisha kwenye gazeti, na kila mchana yeye anabaki anapambana na muhogo kwa kijiti cha bati ambacho kukiita kisu ni kukipa heshima.

"Baba Zuhura," akaniambia, "mwanaume mzima, mwenye duka, huna kisu chako?"

Yaliniingia. Nikaapa kwamba ndani ya wiki nitakuwa na kisu cha kukunja, cha kukaa mfukoni, cha bei ya mtu wa kawaida. Tatizo ni kwamba mimi sinunui kitu kabla sijajua ukoo wake. Hata ndala nauliza. Nikaingia intaneti usiku huo kuangalia visu vizuri vinatoka nchi gani, na siku saba zikaisha nikiwa bado kwenye karne ya 19.

Maana niligundua kuwa visu vimeanza kudanganya kwao kitambo. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria kwamba bidhaa ya nje inayoweza kudhaniwa kuwa yao lazima iandikwe ilikotoka. Wenye viwanda wa Sheffield, mji wa visu kule Uingereza, walikuwa wamechoka: visu vinashuka kutoka Solingen, Ujerumani, vimegongwa alama za Sheffield kama vimezaliwa pale pale. Kwa hiyo "imetengenezwa Ujerumani" yalianza kama maneno ya kumwaibisha mtu, kama kile kibao anachovalishwa shingoni mwanafunzi mtoro. Wajerumani wakavaa kibao, wakaendelea kunoa, baada ya miaka watu wakawa wanakitafuta kibao chenyewe. Na hao hao wa Solingen waliokuwa wanaiga, jina lao likalindwa na sheria mwaka 1938: kisu kisichotengenezwa eneo lile hakiruhusiwi kuitwa Solingen.

Nikahamia Uswisi, kwenye kile chekundu chenye msalaba. Sasa sikiliza. Jeshi la Uswisi lilipoagiza visu vya askari wake, vile vya kwanza kabisa vilitoka wapi? Solingen! Hakukuwa na karakana ya Uswisi ya kuvitoa kwa wingi ule, mpaka fundi mmoja wa Ibach, Karl Elsener, alipoanza kulipelekea jeshi visu vyake mwaka 1891. Jambo hili lilinigusa kiasi kwamba nilimwamsha mke wangu saa saba usiku nimweleze. Aliyonijibu nayaacha.

Kisha nikakutana na Okapi, kisu cha mpini wa mbao. Jina ni la mnyama anayeishi misitu ya Kongo peke yake duniani. Kisu chenyewe kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Afrika. Leo kinatoka Afrika Kusini. Huyo ukimkuta uhamiaji utamshika kwa lipi? Na China nako siyo kama tunavyosema vijiweni. Kuna mji unaitwa Yangjiang, mkoa wa Guangdong, visu ndiyo kazi yao, kuna vibovu na kuna vya maana, inategemea aliyeagiza alikuwa tayari kulipa kiasi gani. Hili la mwisho ndilo nililopaswa kwenda nalo Kariakoo. Sikwenda nalo.

Mtaa wa Kongo nilimkuta kijana ametandaza turubai, visu vimepangwa kama dagaa. Cha kwanza nilichoinua kimeandikwa "Switzeland". Nikamwonyesha kwamba kuna herufi imekosekana.

"Hiyo ndiyo iliyoshusha bei," akasema.

Kingine kimeandikwa "Germany" upande mmoja na "China" upande wa pili. Nikamweleza ya mwaka 1887. Nikamweleza ya Sheffield. Wateja wawili walisimama wakasikiliza, wakaenda zao bila kununua, na nadhani hapo ndipo kijana alipoanza kunichukia.

"Mzee wangu," akasema, "unatafuta kisu au unatafuta pasipoti?"

Ndipo nikakiona. Mpini mweusi, bapa linang'aa, na maandishi safi: SOLINGEN GERMANY. Nikahesabu herufi, zote zimetimia. Shilingi 12,000. Mtu yeyote angejiuliza imekuwaje kisu kisafiri kutoka Ujerumani kwa bei ya kuku asiyefika kilo moja, lakini mimi nilikuwa na elimu, na elimu ikaniambia jina hilo linalindwa na sheria. Haikuniambia kwamba sheria ya Ujerumani haina kituo cha polisi Mtaa wa Kongo. Nikalipa bila kupunguziwa hata mia.

Wiki mbili kilikata vizuri. Wiki ya tatu kilianza kuyabembeleza maboksi. Nikasema ni unyevu wa Dar, nikakinoa kwenye kitako cha kikombe, maisha yakaendelea.

Basi ikaja harusi Unguja, upande wa mke wangu. Tukafika kwenye boti na begi, kapu, na Zuhura. Mimi nilikuwa nimeshasahau kama nina kisu. Kimekaa mfukoni muda mrefu mpaka kimekuwa kama funguo. Mashine ikalia. Dada wa ukaguzi, mpole kabisa, akakiinua.

"Baba, kimetoka wapi hiki?"

Miezi mingapi nilikuwa nasubiri mtu aniulize swali hilo?

"Swali zuri sana, afande," nikasema. "Hapo ulipo mkono wako kimeandikwa Solingen. Sasa Solingen si kila mtu anaruhusiwa kuandika. Mwaka 1938..."

Nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye ndoo ya maandazi, vijana wa mpira na jezi zao, na babu mmoja aliyekuwa anauliza boti ya saa ngapi hii. Mimi nimeshafika kwa Karl Elsener. Nilikuwa naelekea Kongo, kwa yule mnyama, dada aliponikatisha.

"Baba, nauliza kimetoka mfuko upi. Kwenye begi au kwenye suruali?"

Foleni nzima ilicheka. Yule babu, ambaye hakusikia mwanzo, akaomba asimuliwe, akasimuliwa, akacheka peke yake kwa zamu yake.

Mke wangu alikuwa ameshapita. Akarudi hatua mbili. "Afande, chukua kisu. Na mwenyewe kama unamhitaji, mchukue."

Kisu kikatumbukizwa kwenye boksi la plastiki, nikapewa kikaratasi chenye namba, nikaambiwa nitachukua nikirudi. Nikakiweka kikaratasi mfuko wa shati. Shati nikavaa kwenye harusi, likamwagikiwa mchuzi wa pilau, na shemeji yangu, mtu wa ukarimu wa kupitiliza, akalifua usiku ule ule bila kuniuliza.

Kwa hiyo siku ya kurudi nilijitokeza kwa mkaguzi na kitu kama uji mkavu kiganjani. Safari hii alikuwa mwanaume, mtu mzima.

"Namba hakuna," akasema. "Basi taja alama zake."

Hapo nilitulia kabisa. Wengine wangesema cheusi, cha kukunja, wangehangaika. Mimi nilijua alama ambayo hakuna wa kuiiga.

"Kimeandikwa Solingen Germany."

Akavuta boksi. Akatoa kimoja, akakigeuza, akakiweka mezani. Akatoa cha pili. Cha tatu. Mke wangu alikuwa anahesabu kwa sauti, taratibu, kama anayehesabu mahari. Alifika saba. Saba vyote vyeusi, maandishi yale yale, herufi zimetimia.

"Mji mzima umehama," akasema mkaguzi. "Chagua."

Nilivishika kimoja kimoja. Nilivinusa pia, sijui natafuta nini. Mwishoni nikachukua kilichonitazama vizuri, nikakitia mfukoni, nikaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na shaka.

Nyumbani mke wangu alikigeuza kwenye taa akanionyesha chini ya mpini, pamekwanguliwa kwa msumari: BABA ASHA.

Kumrudishia nani? Namba ya simu hakuandika. Na kusema kweli, kisu cha mwenzangu kilikuwa kikali kuliko changu kilivyowahi kuwa. Huyo bwana, popote alipo, anajua kunoa. Mke wangu alikijaribu kwenye kitunguu, akanyamaza, akakatia kingine, kisha akatangaza kwamba hiki kinabaki jikoni. Cha zamani, kile cha gazeti, akanipa mimi niende nacho dukani. Tukawa tumerudi tulikoanzia, isipokuwa sasa ni kwa idhini.

Ila kisu kikapata jina. Asubuhi utamsikia mpaka uani: "Zuhura, niletee Baba Asha!" Jioni: "Baba Asha yuko wapi? Sili bila Baba Asha mimi, samaki hii nitaifanya nini?" Juzi nimetoka dukani usiku, nasikia kutoka barabarani kabisa: "Baba Asha nimemficha chini ya godoro, watoto wasimwone!"

Jana jirani yangu akanivuta pembeni, chini ya mwembe. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Jirani, si mambo yangu," akasema. "Lakini sisi tumekaa miaka mingi hapa. Huyu Baba Asha... ametoka wapi?"

Nikamvutia kiti akae vizuri, nikaanzia mwaka 1887.