Kidogo ni kiasi gani, jamani?

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Na hilo "kidogo" mtanisamehe, ndilo lililonileta hapa.

Jumanne jioni nimetoka kazini, nimeshuka daladala pale Majengo, naingia ndani namkuta dada wetu wa nyumbani jikoni anakoroga kitu kwenye kikombe cha bati, kile chenye maua mekundu tunachonywea chai. Mwanangu wa mwisho, wa mwaka mmoja na miezi mitano, alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Mchana nilipiga simu mwenyewe nikasema akachukue ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, duka la dawa. Kachukua. Pakiti nzima imo kikombeni, na maji hayajafika hata kwenye maua.

"Hii umeambiwa uichanganyeje?"

"Yule kaka wa dukani kasema niweke kwenye maji kidogo, mama. Ya kuchemsha, yakishapoa."

Maji kidogo. Niliokota pakiti kwenye ndoo ya taka nikaisoma kwa tochi ya simu, maana maandishi yenyewe ni ya kusomwa na sisimizi: lita moja. Kikombe kile nimekuja kukipima baadaye, kikijazwa pomoni hakifiki mililita 300. Mtoto alikuwa anapewa chumvi ya lita nzima kwa mafunda matano. Na chumvi ikizidi namna hiyo hairudishi maji mwilini, inayavuta hata yale yaliyobaki. Nikamwaga. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu haina nguvu. Binti wa watu akaanza kulia. Nikamwambia hana kosa, na kweli hana. Maji kidogo aliyoambiwa ndiyo aliyoweka.

Nikavaa kandambili nikaenda dukani. Nilikwenda kugombana, sitaki kuwadanganya. Yule kijana ana adabu zake, akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, halafu akanijibu kwa upole kabisa: "Lakini mama, lita moja si ndiyo maji kidogo? Ndoo ni lita ishirini."

Nikakosa cha kusema, kwa sababu yuko sahihi! Mtu aliyezoea kuchota ndoo, lita moja kwake ni kidogo. Binti anayemwangalia mtoto asiyemaliza hata uji wa kikombe, kidogo kwake ni nusu kikombe. Wote wawili wamesema Kiswahili fasaha. Neno limetoka kwenye mdomo mmoja likiwa lita, limefika kwenye sikio jingine likiwa robo lita isiyotimia, na ukimtafuta aliyelipunguza njiani humpati. Uzembe ningeusamehe. Hili la kukosa hata mtu wa kumlaumu ndilo limeninyima usingizi.

Na asije mtu akaniambia kwamba sisi hatujui kupima. Nenda sokoni Mbuyuni Jumamosi asubuhi uombe "nyanya kidogo" uone. Mama atakutazama kama umekuja kumchezea. Fungu au sado? Fungu la mia tano au la elfu? Na ukisema sado, anza kuangalia mikono yake, maana ndipo kazi ilipo. Anapanga za chini kwa kasi, zile laini zinatangulia, ngumu zinafuata, halafu anajenga kilele, anazungushia viganja viwili kama anamlinda kifaranga, nyanya ya mwisho anaiweka juu kabisa, anaachia mikono taratibu na kukutazama usoni. Haijaanguka hata moja. Hapo ndipo unapoomba nyongeza, na nyongeza ni mbili, haijawahi kuwa "kidogo". Na wewe nawe si mjinga, kabla hajaanza ulishaipindua sado kuangalia kama kitako kimebonyezwa kwa ndani. Sado yenyewe ilikuwa kopo la rangi, jina limebaki, rangi imekwisha zamani. Wakulima nao tunawajua na lumbesa zao, au tuseme za madalali, ile gunia linaloota kichwa cha nyavu juu mpaka Wakala wa Vipimo wanawakimbiza watu barabarani. Kilo 100 mwisho, sheria inasema. Ugomvi wote wa lumbesa ni ugomvi wa "kidogo": ongeza kidogo juu hapo, mkulima wa watu amelia.

Hata dukani kwa Mangi, ambako mtu ananunua mafuta ya mia tano na sukari ya mia tano, hakuna kidogo. Kuna mia tano. (Sukari ikipanda, ile mia tano inabaki mia tano, kinachopungua ni kifuko. Hiyo nayo ni makala yake.)

Kwa hiyo panapohusu hela mfukoni mwetu tunapima mpaka kitako cha kopo. Nimekaa siku nne nalifuatilia hili neno kama mke mwenye wivu, na nimeona linapenda kujitokeza pale ambapo gharama inamwangukia mwingine. Fundi anasema "imebaki kidogo" akiwa ameshachukua hela ya awali. Karani anasema "subiri kidogo" akiwa yeye amekaa na wewe umesimama. Kamati ya harusi inakuandikia "kidogo ulichonacho kitapokelewa kwa moyo mkunjufu", na chini ya hapo hapo, kwenye kadi hiyo hiyo, single 70,000, double 120,000. Nilimuuliza mwanakamati mmoja, shemeji yangu wa mbali, kwamba kidogo nilichonacho ni 20,000, je, niingie mlangoni na mguu mmoja? Akacheka. Hela hakurudisha.

Anayesema kidogo kipimo anabaki nacho yeye. Wewe unapewa neno, ukalijaze mwenyewe, na ukilijaza vibaya ni shauri yako.

Halafu kuna kidogo ambayo ni kubwa. Wazungu wanaojifunza Kiswahili sijui huwa wanapitaje hapa. "Ni mbali kidogo" maana yake panda gari. "Bei imechangamka kidogo" maana yake rudi nyumbani. "Amekunywa kidogo" maana yake tafuteni funguo za gari mzifiche. "Yule mzee anajiweza kidogo" maana yake ana maghorofa mawili Arusha na shamba Mabogini. Neno lile lile, ukiinua sauti mwishoni linageuka milima. Na tukizungumzia milima, muulize yeyote aliyepanda Kibo, kule Kilimanjaro, usiku, mguide anavyomwambia "bado kidogo" kuanzia saa saba mpaka kunakucha, mtu anaganda vidole na kilele cha mita 5,895 hakioni. Lakini nendeni getini asubuhi mkaone mzigo wa mpagazi unavyoninginizwa kwenye mizani: kilo 20, mwisho. Hapo hakuna anayesema mzigo ni kidogo. Binamu yangu amefanya kazi hiyo miaka sita, anasema hiyo mizani anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Bibi yangu wa Kibosho, Mungu amrehemu, hakuwa na kijiko cha kupimia maishani mwake na sikumbuki hata mara moja mtori wake kuzidi chumvi. Alikuwa anasema konzi moja, ukufi mmoja, anafumba mkono wake mweusi wenye makovu ya moto, anautikisa mara mbili, zinazobaki ndizo. Kwenye mbege ndiyo usiseme. Msesewe ukizidi, pombe inakuwa chungu hainyweki, kwa hiyo gome lile alikuwa analikata kwa kulipimisha na kidole. Kidole cha nani? Chake. Alikuwa akimtuma mtu mwingine akate, anamtazama kwanza vidole.

Konzi, ukufi, funda, tonge, shibiri. Hayo yote ni maneno ya vitu vidogo na kila moja lina kiungo cha mtu ndani yake. Ukisema funda moja la maji, hata asiye na chombo anajua: mdomo wake ndio chombo. Kibaba nacho kilikuwa kipimo cha kweli, vibaba vinne vinafanya pishi, na mpaka leo Ramadhani ikiisha majirani zangu wanatoa pishi ya zaka, kilo mbili na nusu hivi ya mchele kwa kila kichwa, mpaka mtoto mchanga. Sisi wengine kibaba tumebaki nacho kwenye methali tu. Haba na haba hujaza kibaba, tunawafundisha watoto, na ukimuuliza mtoto kibaba ni nini anasema ni baba mdogo. Naapa, wangu wa kwanza alinijibu hivyo. Haba tumeishika vizuri sana, chombo cha kuijazia ndicho tumetupa.

Haya, nikubali na yale yanayotakiwa kukubaliwa. Sitaki dunia ambayo mtu akija mlangoni anasema "Samahani shemeji, nikuone kwa dakika sita." Nikuone kidogo ni tamu zaidi. Mgonjwa ukimuuliza anaendeleaje akakujibu "nafuu kidogo", ukimtaka asilimia utakuwa na roho mbaya. Na mama mkwe akikuambia ongeza chumvi kidogo, ongeza, unyamaze. Kiswahili kina haya yake, na hilo neno limebeba haya nyingi. Sawa. Nimekubali. Haya iishie sebuleni, lakini. Kwenye dawa isiingie.

Maana nimeshaanza kuwasikia sasa, kila mahali. "Mpake kidogo." "Mpe kidogo asubuhi, kidogo jioni." "Kijiko kimoja", ambacho angalau kina umbo, lakini kijiko kipi? Kile kipimo cha dawa cha mililita 5, sawa. Droo yangu ina vijiko vinne ambavyo vyote tunaviita vya chai, na vile viwili vya zawadi ya harusi ukivilinganisha, kimoja kinakula dawa ya kingine na nusu. Nyie mnaouza dawa, nawaomba kwa heshima yote, na sasa sitanii tena: ile pakiti ya lita moja, semeni lita moja. Semeni "ile chupa kubwa ya maji ya dukani ni lita moja na nusu, kwa hiyo usiijaze, weka theluthi mbili." Mshikisheni mtu chupa, mwekeeni kidole pale maji yanapotakiwa kufika. Kama pakiti hakuna na anatengeneza nyumbani, ni lita moja hiyo hiyo ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai, na vijiko visawazishwe, visiwe na kilele kama sado ya Mbuyuni. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe kila anapoharisha, polepole. Yote hayo yanachukua dakika moja kuyasema. Dakika moja kweli, nimejipima kwa simu.

Yule kijana wa dukani, nimpe haki yake, niliporudi Alhamisi nilikuta ameweka kaunta chupa tupu ya lita moja, imefungwa raba nyekundu shingoni. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Nikanunua panadol ambayo sikuihitaji.

Mtoto amepona, kwa wanaouliza. Anakimbia. Jana mama yangu kapiga simu kutoka Rombo, kasikia mjukuu alikuwa anaumwa, anataka kumtumia ndizi kidogo.

Nikajikaza nikamuuliza, "Kidogo ngapi, mama?"

Kimya. Halafu: "We mtoto una nini wewe? Kidogo! Kidogo za mtoto tu."

Leo saa nne asubuhi konda wa Hiace kanipigia niko nafua. "Dada, kuna kamzigo kako kutoka Rombo, kako hapa stendi." Nikamuuliza kamzigo ni kiasi gani, maana nimeapa kuuliza. Akahesabu kwa sauti, nasikia anasogeza vitu: mikungu mitatu, debe la maparachichi, dumu la maziwa, kuku mmoja mzima ana kamba mguuni.

"Ni kadogo tu, dada," akasema. "Njoo na guta."