Salamu za Taa Kubwa

Mimi sijui kuendesha gari. Nalisema hili mapema, kwa sababu Jumamosi ile usiku, kati ya Likasi na Lubumbashi, madereva wa Katanga karibu wote walinitukana mimi, na askari mmoja akanidai permi, yaani leseni ya udereva.

Shida ilikuwa kiti. Gari la shemeji lilitoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likakata Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa likiwa na usukani kuume, vilevile lilivyozaliwa. Kongo nasi tunaendesha upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa kwenye majani, na abiria wa mbele anakaa katikati ya barabara, uso kwa uso na kamioni zinazokuja. Kazi ya huyo abiria ni kuchungulia: "Pita! Hapana, rudi! Rudi, baba, rudi!" Kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa ni mkwe ambaye mahari yake imefika nusu. Kiti cha nyuma alikaa shangazi wa mke wangu, mwenye hesabu zote za ile nusu nyingine. Buti lilibeba magunia mawili ya makala, yaani mkaa, ya arusi, marefu, yamefungwa majani juu, mfuniko umezuiwa kwa kamba.

Giza lilitukuta kabla ya Luisha. Shemeji akawasha taa ndogo. Hapo nimtetee: aliwasha ndogo. Kamioni ya kwanza iliyotujia ikatupigia taa mara mbili.

"Umeona?" akasema. "Ananisalimia."

Akamjibu kwa taa kubwa.

Shemeji ni mtu wa adabu. Kwao Likasi hapiti mlango wa mtu bila kuuliza habari za watoto, za kuku, na za aliyekufa mwaka juzi. Kamioni ya pili ilipiga taa mara tatu; akarudisha tatu na honi juu yake. Likaja tangi la asidi. Hilo, kwa heshima ya ukubwa wake, alilishikia taa kubwa tangu mbali hadi likatufikia, na dereva wake akamtaja mama yangu kwa sauti iliyoushinda mlio wa injini. Mama yangu, si mama wa shemeji. Dirisha lililoelekea kwao lilikuwa langu.

"Amesema nini?"

"Amesema tusafiri salama."

Ningejibu nini? Shangazi alikuwa macho.

Kuanzia hapo sikuona kitu. Kila tulichowasha kilirudi kwangu maradufu, kwani hakuna dereva anayekubali kushindwa kwa taa. Nilikuwa naona duara la kijani, ndani yake duara la zambarau, na ndani ya hilo la zambarau nilitakiwa nitambue kama barabara iko wazi. "Nipite?" aliuliza shemeji. "Bado," nilijibu. Nilijibu bado hata pale barabara ilipokuwa tupu, tukakokota nyuma ya baiskeli ya makala isiyo na taa wala kiakisi, na mwenyewe akishangaa kwa nini gari linamsindikiza.

Kwenye kizuizi, askari alikuja moja kwa moja dirishani pangu huku amekinga macho kwa kiwiko.

"Sheferi! Ile taa yako iko naua bantu! Leta permi."

"Mimi si sheferi."

"Unaikaa pa kiti ya sheferi, na unasema hauko sheferi?"

Akamulika tochi magotini pangu kutafuta usukani. Hakuuona. Akanitazama kama mtu aliyeuficha. Shemeji, kutoka upande wa pili, alikuwa tayari anamuuliza habari za nyumbani. Askari akazunguka gari lote, akamkuta dereva halisi, akapokea salamu zake zote, kisha akarudi kwangu kumalizia karipio lake.

Aliyetuokoa ni Mtanzania. Alipiga taa, shemeji akampiga kubwa, na yeye akasimamisha kamioni yake pembeni kabisa. "Huyu ananifahamu!" alisema shemeji, naye akasimama. Yule bwana alishuka na chuma mkononi, akavuka barabara. Akaja dirishani. Dirisha lipi, mnajua.

"Kaka, umenipofusha. Nikiwa kwenye mwendo wa 60, ukinifumba macho sekunde 3 nimeshakwenda mita 50 sioni. Ningemzoa mwendesha baiskeli, ungemzika wewe?"

Kabla sijajitetea shemeji alishafika, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamkaribisha Kongo, akauliza watoto ni wangapi. Ni vigumu kumpiga chuma mtu anayeuliza habari za watoto wako. Wakaenda mbele ya gari, na yule bwana akaonyesha kwa kidole. Taa za gari hili, alisema, zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Hata zikiwa ndogo, mwanga wake umeinuliwa kidogo upande wa kushoto ili uangaze ukingo wa barabara na wanaotembea kwa miguu. Hapa, upande huo ndiko yaliko macho ya anayekuja. Kamioni yake nayo ina usukani kuume, na akishavuka Kasumbalesa hubandika utepe mweusi kwenye kioo cha taa, mahali panapotupa huo mwanga. Kisha akatazama buti letu. "Na mmelaza mkia. Pua imepanda juu, mnamulika nyota."

Alitubandikia utepe wake mwenyewe. Akasema gunia moja lihamie mbele.

Shemeji alisita. Shangazi hakusita.

"Mukwe atabeba."

Nilikuwa nimevaa shati jeupe la arusi. Gunia liliingia kati ya miguu yangu, likapita kifua, likanizidi kichwa, na majani yake yakaniingia mdomoni. Kila shimo la barabara lilinipa vumbi jeusi jipya. Ila taa zililala chini, na kweli, kamioni zikaanza kutupita kimya. Ya kwanza, ya pili, tangi, basi. Hakuna aliyetupigia taa. Hakuna aliyemtaja mama yangu.

Shemeji akanyamaza muda mrefu.

"Unaona, shemeji," akasema hatimaye kwa uchungu. "Tangu tukaribie Lubumbashi hakuna hata mmoja anayenisalimia. Watu wa mjini bana majivuno."

Nilitaka kujibu, lakini nilikuwa natafuna majani. Nyuma, shangazi akaamka.

"Basi waanze wewe, mwanangu. Mdogo ndiye anayesalimia kwanza."