Nyumbani igizo likiisha tunabishana, huku wanatupigia makofi

Nina miaka tisa Ujerumani. Miwili ya mwanzo nilikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Ofisini naitikia, kwa daktari naitikia, kwenye kikao cha wazazi naitikia, halafu njiani namuuliza mwanangu wa darasa la tatu, "Mwalimu alisemaje kuhusu wewe?" Mtoto ndiye mkalimani wa mama yake. Mtoto ndiye anayeamua mama aambiwe lipi na afichwe lipi. Asiyepitia hali hiyo hajui inavyomshusha mzazi mbele ya macho yake mwenyewe.

Wala si kwamba sikusoma. Nilipita kwenye kozi ya serikali wanayopewa wageni tangu 2005: vipindi 600 vya lugha, kila kimoja dakika 45, na vingine 100 vya kuijua nchi, sheria zake na historia yake. Mwishoni kuna mtihani wa lugha unaolenga ngazi ya B1, yaani ngazi ya kati, na mwingine wa maswali 33 kuhusu maisha ya Ujerumani. Yote nilifaulu, cheti ninacho. Niliweza kueleza kazi za bunge lao, lakini karani akiniuliza swali la haraka haraka, ulimi unaganda.

Kilichonifungua ulimi ni warsha ya maigizo. Tulikuwa wanawake 12 kutoka nchi nane, jioni za Jumanne, katika ukumbi wenye heater inayogonga kama mtu anayebisha hodi. Siku ya pili mwezeshaji aliweka mbele yetu meza moja, viti viwili na bahasha ya manjano. Anayeishi huku anaijua bahasha hiyo. Barua za ofisi na mahakama zinazohitaji uthibitisho kwamba zimekufikia huja na rangi hiyo, na ukiiona kwenye sanduku la barua tumbo linakaza kabla hujaifungua.

Mama mmoja kutoka Afghanistan ndiye aliyeanza. Alikaa ukingoni mwa kiti, bahasha kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Mwenzetu aliyecheza karani hakumtazama. Anaandika, anaandika. Mama akasubiri, nasi tukasubiri naye, mpaka ukimya ukaanza kutuuma. Mwezeshaji akapiga kofi moja, wote wakaganda pale pale walipokuwa, akatuuliza, "Nani angefanya tofauti?"

Aliyeinuka ni dada wa Eritrea. Aliipokea bahasha, akakivuta kiti mpaka karibu kabisa na meza, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu kwa kelele. Akaitoa barua, akailaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Hapa. Sielewi hapa. Taratibu, tafadhali." Karani akainua kichwa. Baadaye alituambia kwamba hakuwa amepanga kuinua kichwa, ila ule mkwaruzo wa kiti ulimshtua.

Tulipokezana mpaka saa tatu usiku. Zamu yangu ilipofika nikaliona kosa nililolibeba miaka miwili: kila mara nilikuwa naanza kwa kuomba radhi. "Samahani, Kijerumani changu si kizuri." Wenzangu waliniambia kwamba nikisema hivyo mabega yangu yanashuka na sauti inakwenda chini. Yaani namwambia karani asinihesabu kabla hata sijasema shida yangu. Jambo hilo hakuna mwalimu wa sarufi angeliona, kwa sababu sentensi yenyewe ni sahihi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Tuseme.

Nilipokuwa sekondari nyumbani Tanzania tulikuwa na klabu hiyo. Mpango wenyewe ulianza 1996, mbegu yake ikitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa maprofesa Penina Mlama na Amandina Lihamba, na baadaye FAWE, shirika la Kiafrika la kutetea elimu ya wasichana, likaupeleka nchi nyingine za Afrika. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuutenda. Wasichana wenyewe wanataja linalowakwamisha, wanatafuta chanzo chake, wanalifanya igizo, wanalicheza mbele ya walimu na wenzao, kisha watu wanajadiliana. Ule mjadala ndio kazi yenyewe. Igizo linafungua mlango tu.

Sisi tulicheza kuhusu milango hasa, kwa kuwa vyoo vya wasichana havikuwa nayo. Mwalimu mmoja alisimama amekasirika, akasema tunaiaibisha shule mbele ya wageni. Msichana wa kidato cha pili akasimama naye, mikono nyuma, sauti inatetemeka: "Shikamoo mwalimu. Hatutaki kuaibisha shule. Tunaomba milango." Ukumbi mzima ukanyamaza, halafu ukalipuka kwa mabishano. Wiki ile hapakutokea kitu. Muhula uliofuata milango ikawekwa.

Huo ndio ulinganisho ninaotaka kuufanya, na naufanya kwa uchungu. Nyumbani igizo likiisha watu hawaondoki. Kuna atakayesema mmetia chumvi, mwingine atasema hamkusema nusu ya yaliyopo, na mzee mmoja lazima apewe nafasi ya mwisho. Huku taa zinazimwa, hadhira inakaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, kisha inapiga makofi marefu, inatoa maua, inachukua makoti. Ni heshima kwa namna yao, sikatai. Lakini kwa mwanamke aliyesimama jukwaani kusema kwamba mwaka wa pili huu anasubiri kibali, makofi si jibu.

Kuna kikundi kimoja kiliwahi kunialika nicheze "safari yangu". Niliwaambia nilikuja kwa ndege, na viza, kumfuata mume. Nikaona nyuso zinapoa. Wakauliza kama naweza kuicheza safari ya mwenzangu aliyevuka bahari kwa mashua. Nilikataa. Yeye mwenyewe akakubali, kwa kuwa walimwomba kwa upole na hakujua kwamba ana haki ya kukataa. Jioni ile watazamaji walilia. Walimkumbatia mmoja mmoja. Siku mbili baadaye nilimkuta kwake mapazia yamefungwa, hajala, hajalala, kwa sababu bahari imemrudia. Katika wote waliolia, hakuna aliyemuuliza anatafuta kazi gani au mwanawe amepata nafasi chekechea. Mimi naliita hilo kosa, hata kama lilifanywa kwa nia njema. Hadithi ya mtu ni mali yake. Warsha inayomtaka mwanamke alipie kukaribishwa kwake kwa kidonda chake haimjumuishi, inamwonyesha tu.

Ajabu ni kwamba njia hii ya kusimamisha igizo na kuwauliza watazamaji, wanayotumia wawezeshaji wengi wa Ulaya, ilipikwa na watu waliokuwa katika hali kama zetu. Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazili, alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake mwaka 1971, akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru katika mpango wa kisomo, akifanya kazi na watu ambao wengi wao Kihispania hakikuwa lugha yao ya mama. Mwanamke asiyejua kusoma alimletea kisa chake. Mumewe alikuwa akimpa karatasi azitunze, akidai ni risiti za malipo ya nyumba. Siku moja jirani akamsomea: ni barua za mapenzi za mwanamke mwingine, na mume yuko njiani anarudi. Afanye nini? Waigizaji walijaribu kila pendekezo la watazamaji. Mama mmoja, mwili wake mkubwa, hakuridhika na jinsi mwigizaji alivyolicheza wazo lake la kumweleza mume "waziwazi", akarudia mara hii na ile kwamba sivyo alivyomaanisha. Boal akamwambia basi panda jukwaani uonyeshe mwenyewe. Akapanda, akashika ufagio, mwigizaji mwanamume akauona moto. Tangu hapo mtazamaji akapata ruhusa ya kuingia ndani ya igizo na kulibadilisha. Ile "Nani angefanya tofauti?" niliyoulizwa mimi Ujerumani imetoka kwa mama yule wa Peru.

Kenya nako, Kamiriithu kule Limuru, maigizo yaliota kwenye kituo cha wanakijiji chenye madarasa ya kisomo cha watu wazima. Wakulima na vibarua, wanawake kwa wanaume, wakacheza maisha yao wenyewe kwa Kikuyu mwaka 1977. Serikali ikalipiga marufuku igizo baada ya wiki chache, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa walioliandika, akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi waliojijengea kwa mikono yao ukabomolewa. Huwezi kutuma watu wabomoe kitu ambacho ni burudani tu.

Angalia basi: Peru kisomo, Limuru kisomo. Kusoma lugha na kucheza maisha vilikwenda pamoja, chini ya paa moja. Huku wamevitenga. Darasa la lugha ni jambo zito, lina mahudhurio na mtihani. Maigizo ni ya jioni, ya hiari, ya kujiliwaza ukipata nafasi. Naona wamekosea. Vitabu vya kozi vina mazungumzo ya kuigiza, ni kweli, lakini karani wa kitabuni ana adabu siku zote na ana muda siku zote. Hajawahi kukuambia urudi wiki ijayo kwa sababu umesahau karatasi moja. Ningekuwa na uwezo, katika vile vipindi 600 ningevitenga 60 kwa ajili ya karani asiyeinua kichwa.

Nisiwapambe watu wa nyumbani kupita kiasi. Kwetu nako yapo maigizo ya miradi, yale ambayo jibu limeshaandikwa na mfadhili kabla mwanakijiji hajaulizwa swali. Watu wanakusanywa, wanaambiwa wanawe mikono au walale kwenye chandarua, wanacheka, gari linaondoka. Hayo na yale ya makofi ni ndugu wa baba mmoja. Kote kuwili aliyelengwa hakuulizwa.

Kuna tofauti nyingine iliyonichukua muda kuielewa. Nyumbani tulikuwa tukiigiza adui anayeonekana: mwalimu, mwenye nyumba, mjumbe mla rushwa. Boal alipohamia Paris mwishoni mwa miaka ya 1970 alikutana na watu waliomletea upweke, woga, kushindwa kuzungumza na wenzao. Akatengeneza mazoezi mapya kwa ajili ya yule aliyemwita askari wa kichwani, yaani amri inayokukandamiza wakati hakuna mtu mbele yako. Mwanamke mhamiaji ana maaskari wawili. Mmoja yuko dirishani ofisini. Wa pili amekaa kichwani na anaongea kwa lugha yako ya mama: utachekwa, lafudhi yako nzito, nyamaza usije ukatuaibisha. Kwangu mimi huyu wa pili ndiye alikuwa mkali zaidi, na niliposikia wanawake wa Afghanistan na Syria wakimcheza jukwaani, kila mmoja kwa lugha yake, nilimtambua kwa sauti tu.

Najua watakaosema hatuhitaji kuigiza, tunahitaji kazi na vibali. Ni kweli, igizo halitoi kibali. Lakini huyo Boal, akiwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, aliyapeleka barazani mambo yaliyoibuka kwenye maigizo ya wananchi na zikatoka sheria 13. Kwa hiyo swali langu kwa wanaoendesha warsha hizi ni moja: baada ya makofi, yaliyosemwa yanakwenda wapi? Kuna anayeandika? Kuna anayeyapeleka kwa mwenye ofisi?

Na kuna mambo madogo ambayo yasipokuwepo yote haya ni bure. Pawepo mtu wa kukaa na watoto chumba cha pili, la sivyo watakuja tu wasio na watoto. Nauli ilipwe. Milango ifungwe na wanaume wabaki nje, angalau miezi ya mwanzo, kwa sababu wapo wenzetu ambao hawatatamka neno wakiwepo. Picha isipelekwe mtandaoni bila ruhusa. Mkalimani awe mtu mzima, asiwe mtoto wa mmoja wetu.

Mwaka huu mimi ndiye ninayepiga lile kofi moja. Mama wa Afghanistan bado yuko nasi, na sasa anapenda kucheza karani kuliko nafasi nyingine yoyote; anaucheza ukali ule kwa namna inayotusimamisha nywele. Tuliandika barua kwenye ofisi mbili za hapa tulipo tukiomba makarani wa kweli waje jioni moja, washiriki, wasije kutazama. Moja haikujibu. Ya pili imemtoa mama mmoja mwenye miaka mingi kazini, amepiga simu mwenyewe kuuliza avae nini. Anakuja Jumanne ijayo. Tumekubaliana akae upande wa mwenye bahasha.