Toleo jipya limegoma kuchoma CD: turudi la zamani?

Siku nne kabla ya Pasaka, mwalimu wa kwaya yetu alileta boksi mbili za CD tupu, hamsini hamsini, tuchome nyimbo ambazo waumini walishazilipia. Usiku wa kuamkia siku hiyo programu ya muziki kwenye kompyuta ya kwaya ilijisasisha. Diski ya kwanza ilifika asilimia 99, taa ya trei ikapepesa, ikatoka. Tukaitia kwenye deki ya parokia: kimya. Ya pili kimya. Hadi tunakata tamaa zilikuwa zimeharibika kumi na moja, na CD-R haina marudio, ikishachomwa imechomwa.

Fundi wa mtaani alikuwa na jibu moja, tupige Windows upya. Katibu wa zamani akasema hapana, kwenye fleshi yake kuna kisakinishi cha toleo lile tulilolizoea. Tukaliondoa jipya, tukaliweka la zamani, na saa tano usiku deki ikaimba. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kama tulifanya vyema. Nadhani ndiyo, ila kwa sharti moja ambalo wakati ule hatukulijua, na ambalo lingeweza kutugharimu kuliko diski kumi na moja.

Nianze na hoja ya wanaotaka kurudi nyuma, kwa sababu ina uzito kuliko inavyopewa. CD ya muziki haijabadilika. Kanuni zake ziliwekwa na Philips na Sony mwaka 1980: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Deki iliyonunuliwa miaka 25 iliyopita inataka hicho hicho, si MP3 zilizorundikwa kwenye diski, na inataka programu iwe imeifunga diski mwishoni mwa kuchoma (finalize), la sivyo haitaisoma. Chombo kinachofanya kazi isiyobadilika hakina sababu ya kubadilika kila mwezi. Ndiyo maana ImgBurn, programu ndogo ya kuchoma diski ambayo toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, lilitoka mwaka 2013, bado inachoma diski za watu mpaka leo.

Tena si kila toleo jipya ni hatua mbele. Novemba 2001 Apple ilitoa toleo la 2.0 la iTunes, programu yake ya muziki, kwa kompyuta za Mac OS X, na kisakinishi chake kikafuta mafaili ya baadhi ya watumiaji, diski kuu nzima. Ilibidi 2.0.1 litolewe mbio mbio. Hilo lilikuwa kosa. Lakini mwaka 2004, toleo la 4.5 lilikuja na jambo ambalo halikuwa kosa hata kidogo: orodha moja yenye nyimbo zilizonunuliwa dukani kwao, ambayo awali uliweza kuichoma mara 10, sasa ikawa mara 7. Aliyesasisha alipata haki ya kusikiliza kwenye kompyuta tano badala ya tatu, akapunguziwa haki ya kuchoma. Kwa mtu wa kompyuta nyingi hiyo ni faida. Kwa mtu wa diski ni hasara, na hakuulizwa.

Hata watengenezaji huwa wanalijua hili. Septemba 2017 iTunes 12.7 liliondoa duka la programu za iPhone, na haikupita muda Apple yenyewe ikaweka hadharani toleo la 12.6.3 kwa ajili ya ofisi zilizokuwa zinalitegemea duka hilo. Kama kurudi nyuma ni ujinga, mbona mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba?

Upande wa pili nao una mambo, na la kwanza lilitupata sisi wenyewe. Programu za muziki hazihifadhi nyimbo tu. Zina faili la maktaba linalobeba orodha, mpangilio, majina uliyoyasahihisha kwa mkono. Toleo jipya likifunguka mara ya kwanza huligeuza faili hilo liwe la muundo wake, na la zamani haliwezi kulisoma tena. Usiku ule nyimbo zetu zote zilikuwepo kwenye folda, lakini orodha za miaka mitatu, za misa, za harusi, za misiba, zilikuwa hazionekani. Mwalimu alikaa mbele ya kioo akizipanga upya kwa kukumbuka, na kuna za misiba ambazo hakuzikumbuka. Kwa iTunes kuna nafuu: ndani ya folda yake mna nyingine iitwayo Previous iTunes Libraries, inayotunza nakala za maktaba za kabla ya kusasisha, kila moja na tarehe yake. Unaichukua ya karibuni, unaipa jina la iTunes Library, unaiweka mahali pa ile iliyogoma. Ulichoongeza baada ya tarehe hiyo hakitakuwemo kwenye orodha, lakini ya nyuma yote yanarudi. Programu isiyo na hifadhi kama hiyo, nakili faili la maktaba mwenyewe kabla ya kugusa chochote.

La pili ni kwamba wakati mwingine mgonjwa si yule unayemtibu. Kwenye Windows, kati ya programu na trei ya CD hukaa draiva za kati, yaani programu ndogo zinazopitisha amri kwenda kwenye kifaa, nazo majina yao huandikwa kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, chini ya UpperFilters na LowerFilters. Programu za kuchoma hupenda kujiandikisha hapo. iTunes kwa miaka mingi ilitumia GEARAspiWDM, draiva ya kampuni nyingine kabisa, GEAR Software. Likibaki jina la draiva ambayo haipo tena au imeharibika, trei inaweza kutoweka kwenye kompyuta kana kwamba imechomolewa. Hapo utarudisha toleo la zamani mara kumi bila nafuu, maana uchafu umebaki kwenye rejista. Dawa ni kuyaondoa majina hayo mawili, baada ya kunakili rejista, kisha kusakinisha upya programu ya kuchoma. Trei ikiwa haionekani kabisa, anzia hapo. Ikionekana lakini diski zinaharibika, ndipo toleo linapostahili kushukiwa.

La tatu ndilo lile sharti: toleo la zamani lisikae kwenye kompyuta iliyo wazi kwa intaneti na yenye mambo ya fedha. Oktoba 2019 watafiti wa usalama wa Morphisec walieleza jinsi wahalifu walivyopenya kwenye Windows kupitia kisasishaji kilichokuja na iTunes, wakaingiza BitPaymer, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia. Apple iliziba tundu hilo kwa toleo jipya. Aliyebaki na la zamani alibaki nalo wazi. Na Bonjour, programu ndogo ya Apple ya kutafuta vifaa kwenye mtandao inayoingia pamoja na iTunes, haiondoki unapoiondoa iTunes, mpaka uiondoe yenyewe. Sasa tazama kompyuta yetu: ndiyo hiyo hiyo mhazini aliyoingilia akaunti ya benki ya kwaya, na kisakinishi tulichoweka kilitoka kwenye fleshi iliyopita mikono isiyojulikana. Hatukubonyeza hata kitufe cha kulia kuangalia kama faili lina saini ya kidijitali ya aliyelitengeneza. Nikikumbuka natetemeka. Fedha za misiba ya watu zilikuwa humo.

Ipo njia ya kati ambayo wengi wanairuka: acha programu mpya itunze maktaba, uchomaji uupe programu ndogo ya kazi hiyo tu. Ningeipendekeza kwa mtu mwenye kompyuta moja, ingawa kisakinishi cha ImgBurn hicho hicho nilichokisifu kiliwahi kubeba programu za matangazo, kwa hiyo soma kila ukurasa kabla ya kukubali. Ubaya wake ni kuhamisha orodha kila mara, na mwalimu wetu ana miaka 67. Anajua vitufe vyake vinne na anavipenda.

Kwa hiyo tuligawa. Mhazini alipata kompyuta mpakato yake. Ile ya mezani tuliizima intaneti, usasishaji ukafungwa, nyimbo zinaingia kwa fleshi inayopimwa virusi kwanza kwenye ile nyingine. Kila kazi huanza na diski moja ya majaribio kwenye deki ya parokia, kwa spidi ndogo, kabla ya boksi kufunguliwa.

Mwaka huu mwalimu ameagiza diski thelathini tu. Vijana wanataka nyimbo kwenye simu. Hizo thelathini ni za wazee ambao deki zao hazina tundu la fleshi, na wengi wao ndio walioimba sauti ya nne wakati nyimbo hizo zinarekodiwa.