Titi liulizwe kabla ya kisu

Huku Uingereza mwanamke mwenye saratani ya titi akiambiwa titi lake litatolewa lote, huulizwa papo hapo: unataka lijengwe upya siku hiyohiyo, lijengwe baadaye, au kifua kifungwe kiwe bapa? Huulizwa akiwa bado na titi lake. Kwetu Tanga mazungumzo hayo mara nyingi hayafanyiki kabisa. Titi likitoka na kidonda kikikauka, wifi na mashoga wanaokuja kumjulia hali humwambia ashukuru Mungu, basi. Dera na mtandio huficha mengi, ndiyo maana tunadhani hakuna tatizo.

Wengi wetu tulioko nje tukiandika mambo haya hutaka Tanga ipate upasuaji uleule wa huku. Mimi sioni hivyo. Upasuaji unaosifiwa zaidi hutumia nyama ya tumbo: ngozi na mafuta ya chini ya kitovu hukatwa pamoja na mishipa yake midogo ya damu, hupelekwa kifuani, na mishipa ile huungwa na ya kifuani kwa kutumia hadubini. Kwa titi moja tu mgonjwa hukaa kwenye nusu kaputi saa 6 hadi 8. Kazi ngumu zaidi huja usiku unaofuata. Donge la damu likiziba mshipa, ile nyama hubadilika rangi na kupoa, na mgonjwa asiporudishwa haraka chumba cha upasuaji, inakufa. Kwa hiyo wauguzi huikagua karibu kila saa, usiku na mchana, siku ya kwanza na ya pili: rangi, joto, mapigo ya damu. Hata tukimpata bingwa wa kushona, bado kunatakiwa wodi yenye wauguzi wa kutosha usiku na timu iliyo tayari kupasua tena saa tisa za alfajiri. Bombo, hospitali yetu ya mkoa, inabeba mkoa mzima, kuanzia milima ya Lushoto hadi Pangani. Kuidai hayo leo ni kuwaonea waliopo.

Titi la silikoni ni upasuaji mfupi zaidi, lakini lina deni lake. Pengine huanza na mfuko mtupu chini ya ngozi au msuli, unaojazwa maji ya chumvi kwa sindano kila wiki moja au mbili hadi ngozi ilegee. Halidumu maisha yote. Wengi hulibadilisha baada ya miaka kumi na kitu. Mwili nao hulizungushia ganda la kovu. Ganda likikaza, titi huwa gumu na huuma, na tiba ya mionzi huongeza sana hatari hiyo. Nawaomba sana familia zinazochangishana kumpeleka mama India: kabla ya kukata tiketi, ulizeni kama atahitaji mionzi baadaye, na nani atamwona akirudi Tanga na homa au maji yamejaa kwenye jeraha. Akirudi, aje na ripoti ya upasuaji, majibu ya kinyama kilichopimwa, na kadi inayoonyesha aina, ukubwa na namba ya silikoni aliyowekewa. Bila kadi hiyo daktari wa nyumbani anafanya kazi gizani.

Kuna jambo jingine ambalo umbali wa Dar es Salaam hulifanya liwe gumu. Uvimbe ukiwa mdogo, huwezekana kuutoa wenyewe na kuliacha titi, mradi mionzi ifuate. Maisha ya mgonjwa hayapungui kwa hilo. Lakini mionzi ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, iko kama kilomita 350 kutoka Tanga, na mgonjwa lazima apate pa kulala. Ratiba ya zamani ilikuwa vipindi 25 kwa wiki 5. Huku wengi walikuwa wakipewa 15 kwa wiki 3, na tangu 2020 wengi hupewa 5 kwa wiki moja. Si kila mgonjwa anafaa ratiba fupi, hasa tezi za kwapani zikiwa zimeguswa na saratani, lakini swali ni halali: "Daktari, vipindi vyangu ni vingapi?" Jibu lake laweza kuamua kama titi litabaki.

Asiyetaka kujengwa upya, au asiyeweza, naye ana haki ya kovu zuri. Aseme mapema anataka bapa, ili daktari asiache ngozi ya ziada wala kinundu karibu na kwapa kitakachosuguliwa na sidiria kila siku. Hilo halihitaji mashine yoyote.

Mkono usisahauliwe. Mrija wa kutoa maji ya jeraha ukiwa bado umo, mkono usipite usawa wa bega. Mrija hutolewa mara nyingi maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku. Baada ya hapo vidole vipandishwe ukutani taratibu, mara kadhaa kila siku, hata kama ngozi inavuta. Mionzi inataka mkono ulale juu ya kichwa bila kutikisika. Bega lililokakamaa huchelewesha tiba.

Titi la bandia la nje, la kuvaliwa ndani ya sidiria, huku hutolewa bure hospitalini. Ngamiani, mjini Tanga, kuna mafundi cherehani wanaoweza kulishona, na kwa joto la Tanga la pamba huenda likawa bora kuliko silikoni inayotoa jasho. Kikombe cha sidiria ndicho kipimo. Wiki 6 za kwanza lijazwe pamba tupu, kwa sababu jeraha halitaki uzito. Jeraha likipona kabisa liongezwe uzito ukaribie wa titi lililobaki, la sivyo sidiria hupanda upande mmoja na shingo huuma. Mchele au mtama hufaa kwa muda, ila kwa unyevu wetu huota kuvu na kuingia wadudu; shanga ndogo za plastiki kwenye kifuko cha ndani hufulika. Mfuko wa kulishikilia ushonwe ndani ya sidiria kwa kipande cha kanga kuukuu iliyolegea, mshono utazame nje, mbali na kovu.