Gharama kwa mtoto ni ndogo, ndio, maana mahindi mmepewa

Hivi nani aliwafundisha watu wa miradi kwamba kitu kikitoka kwa mzazi basi ni bure? Nauliza kwa sababu juzi nilialikwa kwenye wasilisho la mradi mmoja wa elimu hapa Dodoma (jina nalihifadhi, wenyewe wanajijua), ukumbi mzuri, chai na sambusa, kalamu zenye nembo, mara ikaja slaidi imeandikwa gharama kwa mtoto kwa mwaka. Kanamba kadogo mpaka unajiuliza kwa nini serikali inahangaika na bajeti. Watu wakapiga makofi. Tukaambiwa kwa bei hii hakuna sababu ya kutopanua mkoa mzima.

Mradi wenyewe ni wa watoto wa madarasa ya chini ambao kusoma na kuhesabu kumewashinda. Wanabaki shule mchana, wanakula, halafu wanafundishwa kwa makundi kufuata uwezo wa mtoto na sio darasa alilopo. Wazo sina ugomvi nalo hata kidogo, shirika la Pratham kule India wamelifanya miaka na limepimwa, watoto wanasoma. Ugomvi wangu ni kale kanamba.

Maana shule moja ya huo mradi naijua, iko Chamwino, mdogo wangu anafundisha pale na nimekaa kwenye ofisi yao mara nyingi tu. Mwalimu mkuu ana kaunta buku kaipiga mistari kwa rula, kushoto majina ya wazazi, kulia mahindi, maharage, kuni, na safu ya mwisho kwa wino mwekundu "anadaiwa". Mahindi kwa debe, maharage kwa kilo. Asiye na mahindi analeta mtama, na mtama nao unaandikwa kwa kalamu tofauti ili wasije wakagombana baadaye nani katoa nini. Ukitaka kujua huo mradi unaendeshwa na nini, acha ripoti, omba kuiona ile kaunta buku.

Halafu kuna akina mama wanaopika. Hawalipwi, wanasamehewa mchango wa watoto wao basi. Mmoja aliniambia siku zake za zamu ndio siku ambazo wenzake wanaenda kibarua kwenye mashamba ya zabibu, kwa hiyo siku ya zamu anarudi nyumbani hana kitu. Kuna vijana wawili wamemaliza chuo cha ualimu wanasubiri ajira, ndio wanaoshika makundi ya mchana, wamepewa tisheti na cheti cha ushiriki. Kuna mdogo wangu mwenyewe ambaye kila Ijumaa anajaza fomu kwenye simu yake, kwa bando lake, na mtandao ukigoma anapanda bodaboda mpaka barabarani akaitume huko. Na maji, pampu ikifa yananunuliwa kwa ndoo.

Sasa hayo yote kwenye ripoti yamekaa wapi? Nimesoma, yamekaa kwenye sentensi moja: "jamii ilishiriki kikamilifu". Hayakuingia hata senti. Nilinyoosha mkono nikauliza, kijana aliyekuwa anawasilisha akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, huo ni mchango wa jamii, hauingii kwenye gharama za mradi." Nikakaa. Ni sawa na bwana harusi anayejisifu kwamba harusi yake haikumgharimu kitu, wakati kamati imetuchangisha miezi mitatu na wengine tumekopa.

Na sio kwamba hili ni jambo jipya ambalo halijawahi kufikiriwa. Kuna mchumi wa elimu wa Marekani, Henry Levin, amelisema tangu miaka ya 1970. Njia yake haihitaji hata kompyuta: orodhesha kila kitu kilichotumika mpaka mtoto akajua kusoma, watu na muda wao, vyumba, vifaa, chakula, mpaka muda wa wazazi, andika kiasi gani kilitumika, halafu kitie bei bila kujali nani kakitoa. Ukimaliza hapo ndio unagawa nani kabeba nini, huyu mfadhili, huyu halmashauri, huyu mzazi. Watu wetu wanaanzia mwisho, wanafungua vitabu vya mhasibu wa mradi, kilichotoka benki ndio gharama, kilichotoka ghalani kwa mtu ni moyo wa kujitolea.

Nitaambiwa huwezi kutia bei saa za mama anayepika uji. Sawa, ni ngumu, na nakubali tutabishana, wengine watasema weka ujira wa kibarua cha zabibu, wengine watasema hapana, kibarua hakipatikani kila siku. Tubishane. Ila wao wameweka sifuri, na sifuri ndio jibu pekee ambalo yule mama mwenyewe atakwambia bila kubisha kwamba sio.

Kwa nini nakasirika hivi kwa jambo la mahesabu? Kwa sababu mzazi sio ukuta, anaona na anapanga. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika hapa hapa kwetu, unaitwa KiuFunza, wa shirika la Twaweza, shule 350, mwaka 2013 na 2014. Shule nyingine zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bonasi mtoto akifaulu, nyingine zikapata vyote viwili. Zile zilizopata ruzuku peke yake, alama za watoto hazikusogea. Na kilichonivutia mimi ni kwamba wazazi wa shule zilizopewa hela walipunguza kile walichokuwa wanatumia wenyewe. Una akili timamu, shule imepata, wewe una mdomo mwingine wa kulisha nyumbani, utafanyaje? Kwa hiyo mtu anayepima hela yake tu, hela ya mzazi hajaiangalia, hajui hata jumla aliyoiongeza ni kiasi gani. Waliopata ruzuku na bonasi kwa pamoja ndio walioonyesha matokeo ya kueleweka, na hilo nalo huwezi kulisema kwa slaidi ya bei kwa mtoto.

Halafu bei rahisi ya nini? Dawa za minyoo ndio mfano wa kila mtu, utafiti wa wachumi Miguel na Kremer, Busia ya Kenya, kidonge cha bei ya chini kabisa na utoro ukapungua kweli. Alama za mtihani? Hawakuona mabadiliko. Kwa hiyo kama unanunua mahudhurio umepata dili, kama unanunua kusoma bado uko sokoni.

Na hiyo tabia ya kugawanya gharama kwa idadi ya watoto walioandikishwa badala ya waliojua kusoma sitaki hata kuianza leo, nitapandisha presha.

Turudi kwenye mahindi. Hii ni Dodoma, jamani. Mvua ikikataa Februari, debe linapanda bei na ghala linakauka mwezi huo huo ambao mtoto anahitaji kula shuleni kuliko wakati wowote. Mwaka wa namna hiyo ile safu ya wino mwekundu inajaa ukurasa mzima, makundi ya mchana yanakufa kwa sababu mtoto hawezi kushinda na njaa mpaka saa tisa, na mwisho wa mwaka mtathmini anakuja na dodoso lake anaandika kwamba mwitikio wa jamii ulishuka. Ulishuka! Mtu hana mahindi wewe unamwandikia hana mwitikio. Kama yale mahindi yangekuwa yamehesabiwa tangu mwanzo kama gharama, kuna mtu ofisini angejiuliza mvua isiponyesha nani atalipa, angeweka fungu. Kitu cha bure hakiwekewi fungu.

Ada ya sekondari na michango ya lazima ilifutwa 2016 na nashukuru, wadogo zangu walinufaika, ila chakula cha mchana kilibaki mikononi mwa mzazi, kwa hiyo kila mradi unaomtaka mtoto abaki mchana umeshampelekea mzazi ankara hata kama haujui.

Wakati tunatoka nilimfuata yule kijana kwenye chai, ni mtu mzuri tu, akanikiri kwamba wakiweka hivyo vyote namba itapanda mara kadhaa na mfadhili atatafuta mradi mwingine. Nikamwambia ipande. Sasa nasikia mwakani wanaingia wilaya za Chemba na Bahi, bajeti imekokotolewa kwa kanamba kale kale, idadi ya watoto mara bei kwa mtoto. Chamwino walipata mwalimu mkuu mwenye kaunta buku na vijana wawili waliokosa ajira wenye roho nzuri. Huko wanakokwenda hawa watu wapo, mahindi yapo, au hakuna aliyeenda kuuliza kwa kuwa kwenye bajeti hawana bei?